Kikohozi Kisicho na Makohozi

Naandika haya nikiwa mzima, au niseme mzima kwa kiasi anachoweza kuwa mwanamke wa miaka hamsini na nne mwenye presha. Sauti yangu imerudi. Naweza kusoma hadithi nzima mbele ya watoto wa darasa la pili bila kusimama katikati. Kuna wakati nilishindwa hata kuita mahudhurio. Kama sasa hivi uko kwenye benchi la hospitali, umeshapimwa kila kitu, na kila mara unaambiwa huna tatizo huku mbavu zinakuuma kwa kukohoa, basi nakuandikia wewe. Sitakueleza mambo ya mishipa wala figo. Siyajui, na waliokuwa wanayajua hawakunieleza.

Naitwa Leokadia. Nafundisha shule ya msingi hapa Kamachumu. Mume wangu, Projestus, ni fundi mwashi, na nyumbani tuna kibanja cha migomba na kahawa kama familia nyingi za huku. Watoto wetu wawili wanafanya kazi mbali. Mama yangu alikuwa akiishi Rubafu, kule nilikozaliwa, na mdogo wangu Adventina ndiye aliyekuwa akimtunza.

Mwaka jana, kahawa zikiwa zimeanza kuiva, wauguzi walikuja parokiani kuwapima watu presha baada ya misa ya pili. Nilikaa kwenye mstari kumsindikiza jirani yangu tu. Jirani akakutwa salama. Mimi muuguzi alinifunga ule mkanda mara tatu, na mara ya tatu akahamia mkono mwingine.

"Mama, umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Mia moja tisini kwa mia moja na kumi. Usiondoke kwanza. Kaa hapo kivulini."

Wiki hiyohiyo nikaanzishiwa dawa kwenye kituo cha afya. Kidonge kimoja kidogo, kila asubuhi. Tabibu alikuwa na watu wengi mlangoni. Aliniambia nipunguze chumvi, nisiache dawa hata siku moja, na nirudi baada ya mwezi. Nikamuuliza kama ina madhara yoyote.

"Madhara ni kutokuimeza," akasema.

Waliokuwa mlangoni wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko kile nimekikumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kikohozi kilianza tukiwa tunaanika kahawa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kama mtu ananitekenya ndani ya koo kwa unyasi, nami sina njia ya kuufikia huo unyasi. Nakohoa, nakohoa, hakitoki kitu. Nikinywa maji kinatulia kwa muda wa kusema sentensi mbili, kisha kinarudi. Projestus akasema ni vumbi la kahawa, akanikataza kugeuza mbegu mkekani. Nikakaa mbali na mkeka. Kahawa ikakauka, ikafungwa kwenye magunia, ikaondoka. Kikohozi kikabaki.

Nilirudi kwenye kituo cha afya. Nikapewa vidonge vya kuua vijidudu, vya siku saba. Nikarudi tena, nikapewa vingine vya siku kumi na dawa ya maji. Mara ya tatu nikaambiwa ni mzio, nivae barakoa nikifagia. Mara ya nne ni asidi ya tumboni inayopanda, niache chai ya rangi na maharage. Niliacha chai. Niliacha maharage. Kila mara kadi yangu ilifunguliwa, kila mara presha ilipimwa, na kila mara nilisifiwa: "Presha yako imeshuka vizuri sana, mama. Dawa inakupenda. Endelea."

Nikaendelea.

Nitasema na mambo ya mwili, kwa sababu wanawake wenzangu huyaficha, na kuyaficha kunatuongezea upweke. Kufikia mwezi wa tisa nilikuwa nikikohoa mpaka mkojo unatoka. Nilizaa watoto wawili, mmoja kwa shida, na misuli ya huko chini haikuwa na nguvu ya kushindana na kikohozi kile. Nilikata kanga kuukuu vipande vipande, nikawa navaa kama msichana anayeanza hedhi. Sketi zangu za rangi ya kahawia na za kijivu niliziacha kabatini, nikavaa nyeusi tu. Mbavu za kushoto ziliuma hata nikicheka, lakini kucheka hakukuwa kwingi. Koo lilichubuka, sauti ikawa nzito, kisha ikawa upepo mtupu.

Na mwalimu wa darasa la pili asiye na sauti ni nani? Watoto walinizoea. Nikishikwa, wanangoja. Lakini watoto wana wazazi. Siku moja mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, kisha akaenda kufungua dirisha kabla ya kukaa.

"Mwalimu Leokadia, unajua ninavyokuheshimu."

Anayeanza hivyo huwa hana habari njema. Nikangoja.

"Wazazi wawili wamekuja. Mmoja kasema mtoto wake anakuja nyumbani akikohoa anakuigiza wewe. Wanauliza kama umepima kifua."

"Kifua kikuu?"

"Sijasema hivyo. Nasema wanauliza."

"Nitapima."

"Vizuri. Kwa sasa tutakupa kazi ya stoo ya vitabu. Mpaka majibu yatoke."

Nilipima. Nilitema makohozi kwenye vikopo, ingawa hayakuwa makohozi, yalikuwa mate tu niliyoyavuta kwa nguvu zote. Majibu: hakuna. Wakasema nirudie. Nikarudia. Hakuna. Nikaenda Muleba mjini kupigwa picha ya kifua, na yule mtaalamu aliiangalia akasema, "Kifua chako ni kizuri kuliko changu." Nikapima na virusi, kwa sababu nilijua watu walishafika huko kwenye mazungumzo yao. Hakuna. Karatasi zote nilimpelekea mwalimu mkuu. Akazisoma, akazikunja vizuri, akanirudishia.

"Namshukuru Mungu," akasema. "Lakini bado unakohoa."

Nikabaki stoo.

Nyumbani mambo yaligeuka polepole. Projestus si mtu mbaya, na sitaki umchukue hivyo. Kila alfajiri alinichemshia maji na tangawizi kabla hajaenda kwenye ujenzi, na siku ya picha ya kifua alinipeleka mwenyewe kwa pikipiki mvua ikinyesha, akanivalisha koti lake. Lakini siku moja nilirudi nikakuta mto wake na blanketi vimehamia chumba cha watoto.

"Ni ili upumzike," akasema.

"Nipumzike na nini? Na wewe?"

Akatoka kwenda kufunga kuku. Wiki iliyofuata nikaona kikombe changu, kile cha bati chenye ua jekundu, kimewekwa peke yake juu ya rafu, mbali na vikombe vingine. Sikuuliza nani amekiweka. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba.

Msimu wa senene, panzi wale tunaowala huku, ulifika. Jirani zangu walikuwa wakinyonyoa mabawa ya senene uani kwetu kila mwaka, wanawake sita au saba, tunapiga soga mpaka sufuria ijae. Mwaka huo walikusanyika kwa mwenzangu mwingine. Mmoja wao aliniletea kibakuli cha senene waliokwisha kukaangwa, akakiweka kizingitini, akasema akiwa amesimama nje, "Pole, waitu." Neno hilo kwetu ni la heshima na la upole. Nilimshukuru. Alipoondoka niliwamwagia kuku.

Sasa fuatana nami hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa na jibu mkononi nikalitupa.

Mwanzoni mwa Desemba dawa ya presha iliisha kwenye kituo cha afya. Wakasema mzigo unakuja. Kwenye maduka ya dawa ya Kamachumu haikuwepo. Nilikaa mwezi mzima bila kumeza kitu. Wakati huohuo jumuiya yetu ya parokia ilikuja kuniombea, na Adventina alinitumia kutoka Rubafu majani ya omubirizi, yale machungu tunayochemsha huku kwa homa na tumbo. Nikanywa asubuhi na jioni. Baada ya siku kumi kikohozi kikaanza kupungua. Kufikia Krismasi kilikuwa kimekwisha kabisa.

Ungeona furaha yetu. Jumuiya ikasema ni sala. Adventina akasema ni omubirizi. Projestus akarudi chumbani. Hakuna aliyesema kidonge, na mimi ninayefundisha watoto kujumlisha na kutoa sikuiona hesabu hiyo, nyepesi kama ilivyokuwa. Kichwa kilikuwa kikiniuma, macho yanaona vimulimuli nikisimama ghafla, lakini sikukohoa, na nilidhani nimepona.

Krismasi tulikwenda Rubafu. Mama alikuwa mzima, amevaa gauni la kijani, anatania kila mtu. Alinishika mikono yote miwili akanikalisha kitandani kwake, akanitazama shingo.

"Umekonda. Huko Kamachumu hakuna ndizi?"

"Zipo, mama."

"Basi mpishi ndiye mbaya."

Tukacheka. Nilikaa naye siku tatu, nikamsuka nywele zake zilizobaki. Ndizo siku tatu za mwisho nilizomgusa.

Mara baada ya Mwaka Mpya dawa ikafika. Muuguzi alipima presha yangu akashtuka, akanikemea mbele ya watu kama mtoto aliyetoroka shule. Nikaanza kumeza tena kwa bidii. Siku ya sita, nikiwa stoo napanga vitabu vya hesabu, nikahisi ule unyasi kooni.

Sikulia wakati wa vipimo wala wakati wa kikombe. Siku hiyo nililia. Nilidhani Mungu amenipa, halafu akanipokonya.

Projestus akahama tena.

Mwanzoni mwa Februari Adventina alipiga simu. Mama amevimba miguu, anahema akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Daktari kasema moyo umechoka. Nikasema nakuja kesho.

"Dada, bado unakohoa?"

"Nakohoa, lakini si kifua kikuu. Nimepima, unajua nimepima."

"Najua. Lakini mashine nazo hukosea. Mama kwa hali aliyonayo akipata hata mafua hatoki. Hata muuguzi wa huku nimemuuliza, kasema ni bora kuwa na tahadhari."

"Adventina, huyo ni mama yangu."

"Ni wangu pia. Na mimi ndiye ninayemgeuza kitandani."

Nilikwenda hata hivyo. Adventina alikuwa ameniwekea kiti nje, chini ya dirisha la chumba cha mama, na ndani aliweka kitanda kando ya dirisha hilo ili tuweze kuonana. Alinipokea kwa heshima, akanipa maji, akanisihi jambo moja: nisimwambie mama kuhusu kikohozi. Angeogopa, na moyo wake haukuwa wa kuogopeshwa. Nikakubali. Niliona ana haki. Bado sijui kama alikuwa nayo.

Nilikaa chini ya dirisha. Uso wa mama ulikuwa umevimba, midomo imekauka. Aligeuka akaniona.

"Leokadia. Mbona uko nje?"

"Naota jua, mama."

"Jua gani? Ingia."

"Nitaingia."

"Ingia basi, ukae hapa." Akapiga godoro kwa kiganja, kama anavyomwita mtoto mdogo.

Nilifungua mdomo nimjibu, koo likanishika. Nilijua nikianza sitaweza kusimama. Nikainuka haraka, nikaingia kwenye migomba na kanga nimeisokota mdomoni, nikakohoa huko nimeshikilia mgomba kwa mikono miwili mpaka miguu ikalowa. Nilipojifuta na kurudi, dirisha lilikuwa limefungwa.

"Amelala," Adventina akasema.

Nilingoja mpaka alasiri. Hakuamka, au niliambiwa hakuamka. Nikarudi Kamachumu, nikisema moyoni kwamba nitakuja tena Jumamosi.

Mama alifariki Alhamisi. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyekuja stoo kuniambia, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alinishika bega.

Mazishini nilikaa nyuma. Hakuna aliyenifukuza, lakini nilipoanza kukohoa wakati wa sala, wanawake waliokuwa mbele yangu walisogea, na waliokuwa kando walisogea, nikabaki kwenye nyasi na nafasi kunizunguka ya kutosha kuanika mkeka. Projestus alisimama na wanaume. Jeneza lilishushwa kibanjani, karibu na kaburi la baba. Nilitupa udongo wangu wa mwisho kabisa, baada ya wote.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza nilipopewa barua ya kwenda hospitali kubwa Bukoba mjini, kuangaliwa kifua na daktari wa juu zaidi. Nilikwenda kwa sababu nilipewa barua. Sikuwa na matumaini yoyote.

Nilikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Pembeni yangu alikaa mwanamke mnene mwenye ndala na harufu ya dagaa kwenye kanga. Wengine walishahamia mabenchi mengine nilipokohoa mara ya pili. Yeye hakuhama. Alinisikiliza kama fundi anavyosikiliza injini.

"Mama," akasema, "hicho kikohozi chako hakina makohozi, eti?"

"Hakina."

"Kinaanzia hapa?" Akagusa koo lake. "Kama nywele imekwama?"

Nikageuka kumtazama vizuri.

"Unameza dawa ya presha?"

"Nameza."

"Nionyeshe."

Nilifungua mkoba nikatoa bahasha. Hakusoma jina. Aliangalia kidonge na karatasi yake ya fedha, akanirudishia.

"Hii hii. Mimi nafanya biashara ya dagaa visiwani huko Muleba. Ilinikohoza miezi mitano. Wenzangu kambini waliacha kula na mimi, wakasema nina kifua, na wengine wakasema nina kile kingine. Nikaja hapa, dada mmoja mfamasia akaniuliza kama nilivyokuuliza. Wakanibadilishia, ikaisha. Mwambie daktari akubadilishie. Usiiache mwenyewe, utaanguka. Mwambie abadilishe."

Aliitwa Mama Nyanjige, mzaliwa wa Ukerewe. Nilimshika mkono nikashindwa kumwambia asante. Ungedhani nilifurahi. Kilichokuja kwanza kilikuwa hasira, ya moto kabisa, mpaka nikaogopa kwamba presha itanipanda palepale kwenye benchi.

Zamu yangu ilipofika sikungoja kuulizwa.

"Daktari, inawezekana dawa hii ya presha ndiyo inayonikohoza?"

Alikuwa kijana, mchovu, mwenye adabu. Alichukua kadi, akasoma ukurasa wa kwanza.

"Inawezekana sana," akasema akiandika. "Dawa za kundi hili, majina yake yanaishia na pril, kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu. Ni jambo linalojulikana."

"Linajulikana na nani?"

Akainua macho.

"Kwani hukuambiwa ulipoanzishiwa?"

Jina la dawa lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi, kwa wino wa bluu. Nilihesabu baadaye: watu saba wa afya walikuwa wameifungua kadi ile. Walisoma presha, wakaandika kikohozi, mstari chini ya mstari, na hakuna hata mmoja aliyeunganisha mistari miwili. Mchuuzi wa dagaa aliiunganisha kwa kusikiliza.

Alinibadilishia dawa siku hiyo. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, na nilianza kumchukia hata Mama Nyanjige. Siku ya tisa nilikula chakula cha mchana chote bila kuinuka mezani. Wiki ya tatu, kabla ya Jumapili ya Matawi, niliamka asubuhi nikagundua kwamba nimelala moja kwa moja mpaka kulipopambazuka. Nilikaa kitandani nikivuta pumzi na kuitoa, kuivuta na kuitoa, kama mtu anayejaribu nguo mpya.

Hiki kidonge kipya nacho kilinivimbisha miguu jioni. Sikungoja wala kujipa sababu. Nilirudi siku iliyofuata nikasema, wakapunguza kipimo na kuongeza kingine kidogo. Ndivyo ninavyokushauri nawe. Ukianzishiwa dawa yoyote ya presha, andika tarehe. Kama kuna kitu kimebadilika mwilini mwako baada ya tarehe hiyo, kikohozi, miguu, kizunguzungu, hamu ya tendo la ndoa, hata jambo unaloona aibu kulitaja, litaje, na litaje pamoja na jina la dawa. Wakikuambia dawa haina madhara, uliza tena kwa mwingine. Lakini usiache kumeza kwa kujiamulia. Mimi niliacha mwezi mzima bila kupenda, na daktari wa Bukoba aliniambia nilikuwa na bahati kutoanguka. Dawa ile ya kwanza inawaweka hai watu wengi wasiokohoa hata kidogo. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wa ukimya uliokuja nayo.

Shuleni walinirudishia darasa baada ya Pasaka. Mwalimu mkuu alisema mbele ya walimu kwamba ni furaha kwetu sote. Hakuna mzazi aliyekuja kusema kitu. Projestus alirudisha mto wake siku moja nikiwa jikoni. Nilipoingia nikaukuta kitandani, umewekwa upande wake, umepigwapigwa vizuri. Nilimwambia asante kwa tangawizi. Kuhusu kikombe sijasema kitu mpaka leo, na yeye pia. Tunalala pamoja. Mara nyingi mimi nimegeukia ukutani.

Safari niliyoiahirisha ni ya Rubafu. Nilikwenda mwishoni mwa masika, siku ya Jumamosi, peke yangu. Nilifika kaburini kwanza, nikapalilia, nikakaa. Kisha nikaenda nyumbani. Adventina alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Aliniona nikija, akanyamaza mpaka nilipofika karibu, kama anayesikiliza.

"Umepona," akasema.

"Nimepona. Ilikuwa dawa ya presha. Sikuwa na ugonjwa wa kumwambukiza mtu."

Nikamweleza yote, benchi, mama wa dagaa, daktari. Alisikiliza bila kuinua mikono kwenye maharage. Nilipomaliza hakusema pole. Alisema:

"Aliuliza."

"Nani?"

"Mama. Siku ile uliyokuja. Ulipoinuka ghafla ukaenda kwenye migomba, aliuliza: nimemkosea nini Leokadia, hata kuingia kwangu hataki?"

Nikaweka mkoba chini.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hujakosewa, una haraka, una mitihani ya shule. Akasema, haya. Akaniambia nifunge dirisha."

"Alikuambia yeye ufunge?"

"Yeye. Siku zilizofuata aliuliza tena mara mbili. Nikasema hivyohivyo, mitihani."

"Mwezi wa pili, Adventina. Mitihani gani mwezi wa pili? Mama alikuwa na watoto shuleni miaka ishirini, angeshindwa kujua?"

"Nafikiri alijua."

Kuku walipita kati yetu wakidonoa maharage yaliyoanguka. Nilitaka kumpiga. Nina miaka hamsini na nne na nilitaka kumpiga mdogo wangu kama tulivyokuwa tukipigana kwenye njia ya kisimani.

"Ungemwambia ukweli," nikasema. "Angejua kwamba nilitaka kuingia."

Ndipo alipoinua uso. Alikuwa amezeeka, mdogo wangu. Sikuwa nimemwangalia tangu msibani.

"Ukweli upi, dada? Siku zile hata wewe hukuujua."

Nilisimama pale mpaka miguu ikachoka. Kisha nikavuta kigoda, nikakaa upande wa pili wa ungo, nikaanza kutoa mawe na maharage yaliyooza. Tulichambua mpaka ungo ukaisha, akaleta mwingine, tukauchambua na huo. Jambo lile hatujalizungumza tena.